Mgeni Aliyejua Mlango wa Maji

Tehran, 5 Azar

Kwa Bi Mdogo Monavar,

Salamu. Mguu bado uko ndani ya plasta, mzito kama gogo, na daktari anasema mfupa wa mwanamke wa umri wangu hauna haraka ya kuunga. Binti yangu Badri ananitunza vizuri, ila nyumba yake iko ghorofa ya tatu na dirisha langu linatazamana na ukuta. Kwa hiyo sina la kutazama, nabaki kufikiri, na ninachofikiria ni bustani.

Baridi ya Qamsar naijua. Niliingia humo bibi harusi wewe hujazaliwa. Basi sikiliza. Mitini miwili ya ukutani ivishwe mabua ya ngano na magunia kabla ya theluji ya kwanza. Funga kwa kamba ya katani, usitumie waya, waya unakata ganda. Samadi iwekwe mashinani mwa miwaridi bila kugusa shina. Theluji ikianguka, toka na ufito ukung'ute matawi, usingoje jua likusaidie. Na ikifika zamu yetu ya maji mwezi ujao wa Dey, fungua ule mlango wa maji ulio nyuma ya ukuta, uliofichwa na majani, niliokuonyesha siku waliyonibeba. Jaza bustani nzima, maji yagande. Barafu ndiyo inayoua wadudu. Mwezi wa Esfand, baridi ikiisha, ndipo kupogoa, na hapo, inshallah, nitakuwa nimerudi, kwa sababu mkasi siuachi mkononi mwa mtu.

Najua utasema unayajua yote haya. Miaka kumi na moja tumeishi ndani ya ukuta mmoja, sijakuona umeshika mkasi hata siku moja.

Jambo la mwisho. Marehemu Haji, Mungu amrehemu, alitamka mbele ya mashahidi: bustani ni ya wajane wake wawili, na atakayeolewa tena atoke na sanduku lake. Mimi hakuna atakayenichumbia, labda awe kipofu. Wewe umri bado unakuruhusu. Nasema tu.

Ehteram


Qamsar, 16 Azar

Bi Mkubwa,

Barua yako ililetwa na dereva wa basi la Kashan. Nimeisoma nikiwa nimesimama, maana ilikuwa na amri nyingi, hata pa kukaa sikupata.

Mitini imevaa. Kamba ya katani, magunia, mabua mpaka shingoni. Imesimama ukutani kama bibi wawili wanaongoja zamu ya hamamu. Samadi imewekwa. Mashina ya miti ya matunda yamepakwa chokaa. Theluji ya kwanza ilianguka juzi, nikatoka na ufito kabla ya chai. Nimefanya yote kwa mikono yangu, na vidole vimenipasuka.

Kuhusu mkasi: sijaushika kwa sababu ulikuwa unalala chini ya mto wako.

Kuhusu kuolewa: nimeshaolewa mara moja, nimeonja, nimeshiba. Lala kwa amani.

Msalimie Badri. Mwambie mbegu za komamanga nilizokausha nitamletea.

Monavar


Qamsar, 25 Azar

Mpenzi wangu Ehteram, jirani yangu wa tangu ujana,

Ni mimi Kokab, wa ukuta wa pili. Kila swala nakuombea mguu wako. Wewe unanijua, mimi si mtu wa maneno. Mume wangu hata hajui kama nina ulimi.

Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kuna mwanamume bustanini mwako. Si mzee Gholam, kibarua wa zamani, huyo magoti yamemwisha. Huyu ni mtu mzima mwenye nguvu, kofia mpaka machoni, na huingia asubuhi kwa lango la nyuma kama mtu aliyezoea. Bi Mdogo humtolea chai. Chai, Ehteram! Kwenye bilauri, na sukari pembeni! Nimeona kwa macho yangu, maana nilikuwa darini natandaza zulia, nikajikuta natazama huko bila kukusudia.

Jana nilimwuliza Monavar, "Una wageni?" Akanijibu, "Nina kunguru." Hivyo tu, akafunga lango.

Usimwambie ni mimi. Mungu akusitiri.

Kokab


Tehran, 4 Dey

Kwa Monavar,

Uliandika umefanya yote kwa mikono yako. Nakuuliza sasa: una mikono mingapi? Maana nasikia mingine miwili ina ndevu.

Usihangaike kumtafuta aliyeniambia. Ukuta wa Qamsar ni wa udongo, na udongo una masikio. Nani huyo mtu? Katoka wapi? Kwa nini ulimficha? Kama ni kibarua tu, kibarua huandikwa kwenye barua pamoja na samadi. Asiye na jambo hafichi. Mficha uchi hazai.

Na kwa kuwa tumefika hapo, acha niseme nililolimeza kwa miaka yote hii. Nilikuwa na mwana. Alikuwa akiitwa Iraj, na hukumkuta. Vuli ile Haji alipoanza safari zake za Natanz kukuposa wewe, ndipo yeye na babake walipogombana, na Iraj wangu akatoka na nguo alizovaa. Haji akachoma hata picha zake. Uliingia kwa mlango mmoja, mwanangu akatoka kwa mwingine. Sikukutukana siku ile, nilikupikia wali. Lakini usidhani nilisahau. Na sasa, kama umeshapata mwanamume mwingine wa kumwingiza humo, nitapanda gari na plasta yangu nije na mashahidi.

Jibu.

Ehteram


Qamsar, 13 Dey

Bi Mkubwa,

"Mficha uchi hazai." Umeichagua vizuri hiyo methali. Kati ya methali zote ulizonazo umeitupa hiyo kwa mwanamke ambaye hakuzaa, na unajua ulipolenga. Imefika. Tuendelee.

Ndiyo, yupo mtu. Alibisha lango mwanzoni mwa Azar akaomba kazi. Anaitwa Safar, anasema ametoka upande wa kusini. Mimi mgongo ninao mmoja, theluji ilikuwa njiani, nikamwambia aingie. Analala kwenye chumba cha kupikia marashi, kando ya masufuria, mbali na nyumba, nje ya lango la nyuma. Namtolea chai nikiwa nimejifunika mpaka macho, naiweka ukutani na kuondoka. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utaandika hivi hivi ulivyoandika.

Sasa zamu yangu ya kuuliza. Wewe umemtoa wapi huyu mtu?

Usijifanye. Zamu ya maji ilipofika nilitoka kumwonyesha ule mlango. Nikakuta maji yanapita! Alishayatoa majani, ameshaliinua jiwe la kuzibia kwa goti, namna ile ile uliyonionyesha wewe, kwa maana ukilivuta halitoki. Mimi mwenyewe niliishi humu miaka kumi na moja bila kujua liko wapi, mpaka siku uliyokuwa juu ya machela. Nikamwuliza, "Nani kakuonyesha?" Akasema, "Bibi, maji yana njia moja tu." Jibu gani hilo?

Si hilo tu. Ngazi aliichukua nyuma ya tangi bila kuuliza. Ule mjozi mkubwa haukung'uti kwa ufito, huushika kwa mkono, taratibu, kama anayeamsha mtu. Mkono wake wa kushoto haunyooki, umeungwa vibaya kiwikoni, kwa hiyo kwenye ngazi hupanda kidato kimoja zaidi na kuegemeza paji lake la uso tawini. Nikamwuliza mkono umepata nini. "Nilianguka utotoni." Na siku ya kwanza kabisa aliniuliza bibi wa zamani wa bustani yuko wapi. Nikamjibu kwamba kaondoka, sikuongeza neno. Na tangu hapo sitaji jina lako mbele yake, maana naona nasema na mtu wako.

Wewe ndiye uliyemtuma. Umemfundisha bustani yote kwa mdomo kutoka kitandani, umemweka kwangu, kisha Kokab apande darini aandike kwamba Monavar ana mwanamume. Mashahidi waje, nitoke na sanduku langu. Mmepanga vizuri. Ila mimi siyo mtoto.

Monavar


Tehran, 21 Dey

Monavar mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Ile methali, nisamehe. Maumivu ya mguu humfanya mtu aseme ovyo.

Sikumtuma mtu yeyote, naapa kwa kaburi la Haji. Lakini nimefikiri, nikaona ulifanya vyema kutafuta msaada. Bustani kubwa, mwanamke peke yake, baridi kama hiyo. Mwache huyo Safar aendelee. Chumba cha marashi kina unyevu. Mpe mfarishi wa sufi ulio kwenye sanduku langu, ule wa bluu. Anakohoa? Anakula nini? Mpikie supu ya dengu na vitunguu, na usiweke dengu nyingi, watu wengine huwasumbua tumbo. Ana kovu dogo juu ya nyusi? Nauliza tu.

Kwenye kifurushi hiki kuna sweta na soksi. Nilikuwa nafuma kwa kukosa kazi, zimetoka kubwa, hazimfai mtu hapa. Mpe yeye. Usimwambie zimetoka kwangu. Usimwulize lolote kuhusu kwao wala watu wake, na jina langu usilitaje. Watu wa namna hiyo ukiwauliza sana huondoka.

Kwa hisani yako, mwanangu, asiondoke.

Ehteram


Qamsar, 1 Bahman

Bi Mkubwa,

Paka akianza kumswalia panya, panya na atafute shimo.

Mwanzoni mwa mwezi uliopita ulitaka kuja na mashahidi. Leo mimi ni "mpendwa", mimi ni "mwanangu", na yeye apewe mfarishi wa bluu ambao mimi sijawahi hata kuruhusiwa kuukunja! Unajua kovu lake. Ndiyo, analo, juu ya nyusi ya kulia. Unajua dengu zinamsumbua. Na unaapa kwamba humjui! Kisha umemfumia sweta, nimvike kwa mikono yangu, Kokab aone kutoka darini mjane anamvika mwanamume sweta. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikalia.

Basi nimekatisha mchezo. Asubuhi ya jana nilimwita Kokab na mumewe, nikamwita na mzee wa msikiti, wakasimama langoni. Nikamwambia Safar mbele yao, "Chukua vitu vyako. Na mwambie aliyekutuma kwamba Monavar hakuzaliwa jana."

Akasema, "Hakuna aliyenituma, bibi."

Nikasema, "Kila mtu ana aliyemtuma."

Akatazama bustani kidogo. Akasema, "Gunia la mtini wa pili limelegea. Niruhusu nilifunge." Nikasema nitalifunga mwenyewe. Akauweka mkasi juu ya ukuta, ule wako, aliokuwa ameunoa, akaenda zake na theluji ikimwangukia. Hakugeuka. Kokab alikuwa na huzuni kweli, nadhani alitaraji zaidi.

Sweta nakurudishia. Mashahidi ninao sasa mimi. Hakuna mwanamume katika bustani hii.

Monavar


Tehran, 9 Bahman

Monavar,

Yule ni Iraj.

Yule ni mwanangu. Mkono alivunjika kwa kuanguka kwenye mjozi ule, nilimbeba mwenyewe mpaka kwa mganga wa mifupa na akauunga vibaya. Mlango wa maji nilimfundisha mimi akiwa hajafika kiunoni mwangu, alikuwa akiinua jiwe kwa magoti yote mawili. Niliposoma barua yako nilijua kabla sijamaliza ukurasa. Nikakuficha. Niliogopa kwamba ukijua mrithi wa Haji amerudi utamfukuza, kwa kuwa mwana akidai urithi, neno la Haji kwa wajane halisimami. Niliogopa naye akijua kwamba najua atatoroka kabla sijapata mguu wa kuja. Nikasema nitanyamaza mpaka Esfand.

Sasa umemfukuza bila kujua. Kufunga kwangu mdomo ndiko kulikomtoa.

Badri hataki nitoke. Mume wake yuko safarini. Sina mtu mwingine wa kumwomba, Mungu anaona, ila wewe. Kaenda upande gani? Mtafute. Nitukane ukipenda, lakini mtafute kwanza.

Ehteram


Qamsar, 23 Bahman

Bi Mkubwa,

Nimempata.

Nakuandikia kwa mpangilio, maana ukisoma harakaharaka utaruka na mguu wako huo.

Barua yako ilinikuta nafunga lile gunia la mtini. Niliingia ndani, nikavaa viatu vya Haji kwa sababu vyangu vinaingiza maji, nikapanda basi la Kashan peke yangu. Sijawahi kupanda basi peke yangu tangu nizaliwe. Nilipita mikahawa yote ya kando ya stendi nikiuliza, "Mmemwona mtu mwenye mkono usionyooka?" Unajua wanavyomtazama mwanamke anayemwulizia mwanamume mikahawani. Mmoja akaniambia, "Bibi, kama amekukimbia mwache, hapa tuko wengi." Nikamwambia, "Ninyi nimewaona, ndiyo maana namtafuta yeye." Wakacheka, lakini mwenye mkahawa akanielekeza kwa watia rangi sufi, nyuma ya soko. Siku ya kwanza sikumkuta. Nikarudi siku ya pili, na ya tatu.

Alikuwa ameinama juu ya pipa, mikono myekundu mpaka viwikoni. Aliponiona akasimama wima. Akasema, "Bibi, sikuchukua kitu chochote kwako."

Nikasema, "Iraj. Mama yako anakuita."

Akasema, "Mama yangu alikufa."

"Nani kakwambia?"

"Wewe! Nilikuuliza siku ya kwanza. Ukasema kaondoka. Chumba chake kimefungwa, nikachungulia dirishani, mswala wake umetundikwa, nguo zake zimekunjwa. Ningeuliza nini zaidi?"

Bi Mkubwa, nilitafuta pa kukaa, nikakalia fumba la sufi yenye rangi mbichi, chadori yangu ya kujifunika ikawa nyekundu nyuma yote. Nikamwambia umevunjika mguu, uko kwa Badri, unafuma soksi, na ulimi wako uko salama salimini. Aliposikia habari ya ulimi ndipo akaamini. Akageuka ukutani. Watia rangi wenzake wakajifanya wana kazi nyingi sana.

Alisikia kifo cha Haji huko kusini, kwa mchuuzi wa marashi. Akaja kukutazama wewe. Alipodhani amechelewa, akasema moyoni mwake ataitunza bustani yako mpaka waridi lifunguke, kisha aende zake. Ndiyo maana hakujitambulisha. Na mimi naye aliniogopa. Alidhani mke wa babake akijua yeye ni nani atamwitia polisi.

Nilikuwa nimejifunika uso mpaka machoni. Akaniambia, "Fungua uso, bibi, utaanguka kwenye pipa. Kwa sheria mimi ni mwanao." Mwana mwenye mvi kunipita! Miezi miwili nimekuwa nikiweka chai ukutani na kukimbia kama mwizi, na kumbe ni maharimu wangu.

Sasa sehemu hii isome polepole. Tukiwa ndani ya basi nilimwuliza, "Uliondoka kwa ajili yangu?"

Akashangaa. "Kwa ajili yako vipi? Niliondoka wakati wa kuchuma makomamanga. Nilitaka kwenda kufanya kazi kwenye visima vya mafuta, baba hakutaka. Akaniambia, toka, mimi nitaoa nipate mwana mwingine. Nikadhani ni hasira tu. Habari zako nimezisikia juzi kwa huyo mchuuzi wa marashi."

Safari za Natanz zilianza baada ya hapo. Hesabu mwenyewe, wewe ulikuwepo. Mimi niliingia mwezi wa Dey, theluji mpaka magotini.

Kwa hiyo sikumtoa mwanao. Yeye alitoka, ndipo mimi nikaletwa. Nililetwa nizae mwingine wa kukaa mahali pake, na kila mwezi Haji alinitazama, na kila mwezi sikuwa na cha kumwonyesha, na wewe ulinitazama kama mwizi aliyekaa mezani pako. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia nililetwa kujaza pengo la nani. Nimekusikia ukilia chumbani kwako miaka kumi na moja nikidhani mimi ndiye sababu. Nilikuwa nalala na mto masikioni.

Hilo ndilo nililotaka kusema. Sina matusi zaidi.

Iraj yuko kwenye ngazi wakati huu. Anakataa kuja Tehran kabla ya kupogoa, anasema ukimkuta kaiacha bustani utamfukuza na wewe. Sweta lako lirudishe. Njoo ukiweza.

Bustani imepata mwenyewe. Mimi najua njia ya kwetu, ni basi lile lile.

Monavar


Qamsar, 12 Esfand

Badri mwanangu,

Usimgombeze mume wako. Nilimlazimisha. Alinishusha ngazi zote mgongoni kama gunia la mchele, na akaniweka garini bila kulalamika hata mara moja, jambo ambalo baba yako asingeliweza. Plasta iliyobaki niliikata mwenyewe kwa kisu cha mkate. Mguu umepinda kidogo lakini unanichukua, kwa magongo mawili.

Njia nzima nilikuwa na shaka. Nilisema huenda si yeye. Nilisema huenda Monavar ametunga yote, amenivuta huku kwa sababu anazozijua. Mimi nimekuzaa, kwa hiyo unanijua: hata mkate nikiupenda naugeuza kwanza nitazame chini.

Langoni alisimama Monavar. Akanyoosha kidole tu.

Ndugu yako alikuwa juu ya mjozi, kwenye ngazi, paji la uso limeegemea tawi. Aliniona. Mkasi ukamponyoka mkononi. Nikamwambia, "Shuka."

Akasema, "Siwezi, mama. Magoti yamekataa."

"Na mimi yangu yamekataa kupanda. Sasa tufanyeje?"

Basi tukakaa hivyo, yeye juu, mimi chini, nimeshika ngazi kwa mkono mmoja na gongo kwa mwingine. Ana mvi, Badri. Amekuwa na shingo ya baba yako. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi tangu Dey, mengine makali. Nikamwambia, "Umeacha tawi bovu hapo kushoto." Akacheka, na kwa kicheko hicho akashuka, na aliposhuka sikumwachia mpaka adhuhuri. Kokab alikuwa darini analia kwa sauti kuliko sisi wote.

Atakuja kwako wiki ijayo. Usimpikie dengu.

Lakini sikukuandikia kwa hilo, hayo atakueleza mwenyewe. Nimekuandikia kwa sababu ya leo asubuhi.

Niliamka nikakuta furushi mlangoni. Nguo za Monavar zote, zimefungwa kwa shuka, na yeye kavaa chadori na viatu. Nikamwuliza, "Unakwenda wapi?"

"Kwetu."

"Kwenu kuna nani?"

"Kuna kaburi la mama yangu na mke wa kaka yangu. Kaburi litanipokea vizuri zaidi."

"Na nani kakwambia uende?"

"Hakuna. Ndiyo maana naenda sasa, kabla sijaambiwa."

Nikamwambia Haji alisema atakayeolewa tena ndiye atoke. Hakusema kwamba mmoja akirudiwa na mwana amtoe mwenzake. Akasema Haji alisema mengi. Iraj naye akamwomba, akamwita "mama mdogo", yeye akamjibu, "Usinizeeshe." Nikaona maneno hayasaidii. Huyu mwanamke amesikia maneno yangu miaka kumi na moja, ameshayapima, anajua yana uzito gani.

Kwa hiyo nililikalia furushi.

Akasema, "Bi Mkubwa, ondoka, basi linapita."

"Mguu unaniuma, siwezi kuinuka."

"Muongo."

"Niinue basi, uone."

Akanishika mkono, akavuta. Nikajilegeza kama maiti. Akamwita Iraj asaidie. Iraj akasema mkono wake haunyooki. Basi likapiga honi huko chini, likapiga tena, likaenda. Monavar akasimama uani akanitukana tusi la watu wa Natanz ambalo sikulijua, nitamwuliza maana yake baadaye. Halafu akavua chadori, akaingia jikoni, na sasa nasikia anagonga masufuria. Huenda ananipikia. Huenda ananipikia sumu, kwake huwezi kujua.

Kuna basi jingine jioni. Kwa hiyo sijatoka hapa tangu asubuhi. Iraj ameniletea kalamu na sinia la kuandikia, naandika hapa hapa nilipo, juu ya furushi. Ndani mna kitu kigumu, nadhani ni buli lake, linanichoma vibaya upande wa mguu mbovu. Lakini sinyanyuki.

Mama yako,
Ehteram